Boga Lililolala kwa Jirani

Jumatatu, tarehe 14 Oktoba

Mzee, andika. Mimi nasema, wewe unaandika, mdomo umefungwa. Hilo ndilo sharti. Una darasa nne zako, leo zifanye kazi. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nilipokuwa nampelekea kaka yangu chakula. Ilikuwa na mlango mzuri wa bluu. Hilo usiandike. Naona kaandika, mume huyu.

Haya. Asubuhi mwanangu Giho kapiga simu kutoka mjini. Mkewe Hyeji anatoka kwenye nyumba ya kutunza waliojifungua Jumanne ijayo, na mtoto wake mgongoni, wanakuja huku kijijini Bamgol moja kwa moja. Miaka kumi na moja ya ndoa. Kumi na moja. Nilikuwa nimeshaacha hata kuuliza. Sasa mtoto wa kike, na sauti yake nimeisikia kwenye simu, analia kama mlango usiotiwa mafuta.

Lakini miguu. Giho anasema miguu ya mkewe imevimba, viatu vyote vimekataa, anatembea na makubazi ya mumewe. Daktari kasema si ugonjwa, ni maji, yatashuka. Yatashuka kwa nini? Kwa boga. Sijui kama wanalisoma hilo huko kwenye vitabu vyao. Boga lililokomaa, la njano, ganda limeota vumbi jeupe. Unakata kifuniko juu, unakomba mbegu, unamimina asali, unalifunika, unalipika kwa mvuke mpaka lilegee, unakamua maji yake, mzazi anakunywa. Mama yake Hyeji alishafariki, Mungu amrehemu, alikuwa na mkono mzuri wa kachumbari. Kwa hiyo wa kumpikia ni mimi. Hakuna mwingine.

Na boga sina.

Nilipanda mashimo saba nyuma ya nyumba. Mvua ya Agosti ikaozesha manne. Paa wakashuka mlimani wakala mawili. Lililobaki ni dogo kama birika, tena limepauka. Lakini shimo la saba lilikuwa na mwana mwingine, na huyo ndiye mwana hasa. Mmea ulinyoosha mkono, ukapanda ukuta, ukavuka, ukaenda kuzalia upande wa pili, juu ya ulingo wa mitungi ya kuchachushia soya ya jirani yangu Mama Taeju. Mizizi kwangu. Maji yangu. Mavi ya ng'ombe nimebeba mimi. Boga liko kwake, kubwa kama mfuniko wa chungu cha karamu, na yeye kalitengenezea ngata ya majani ya mpunga likae vizuri, kama malkia.

Kumwomba? Siwezi. Tangu Aprili hatusemeshani vizuri, kwa sababu ya jogoo wake aliyechakura jamvi langu la kuanikia pilipili. Salamu tunapeana, za kukata kwa kisu. Tena leo nilijipitisha pale ukutani, nikasema kwa hewa tu, jamani boga hilo limekomaa. Akajibu bila kugeuka kwamba boga hili lina mwenyewe, dada. Lina mwenyewe. Unasikia maneno hayo.

Mzee kaweka kalamu chini akafungua mdomo. Nimemkumbusha sharti.

Mpango huu hapa. Nitauvuta ule mmea kutoka upande wangu, shubiri moja tu kwa siku. Shubiri moja nani ataiona? Baada ya siku saba boga limeshapanda ukuta lenyewe na kurudi nyumbani kwa mama yake.


Jumanne, tarehe 15 Oktoba

Mmea umekatika.

Nilivuta shubiri ya kwanza, haukusogea. Nikavuta ya pili pamoja na ya kesho. Pwaa, nikakaa chini juu ya vitunguu, na mkono wa mmea mkononi. Nimeumia kalio la kushoto. Hilo usiandike. Mzee ana tabia mbaya ya kuandika anachokatazwa na kunyamaza anachopaswa kusema.

Sasa boga liko kule halina mama, majani ya ukutani yatanyauka, na Mama Taeju ana macho ya kunguru. Nikapanda ndoo. Nikaunga ule mmea kwa kamba nyekundu ya kufungia magunia, mafundo matatu, nikafunika mafundo kwa jani. Ukiwa mbali huoni kitu. Ukiwa karibu unaona kamba nyekundu.

Ningekuwa na kamba ya kijani. Lakini ya kijani mzee kafungia mche wake wa zabibu ambao haujazaa tangu enzi za babu zetu.


Alhamisi, tarehe 17 Oktoba

Majani yamenyauka. Nimeyamwagilia maji, nikijua ni kumpa maiti uji.

Mama Taeju kaja mpaka ukutani, kashika kiuno. Nikajua yamefika. Kumbe eti mmea umezeeka mapema mwaka huu, dada, umeona? Nikasema ndiyo, mdogo wangu, sisi sote tumezeeka mapema. Akacheka. Nikaona hasira haipo, nikajipa moyo, nikachokoza kidogo. Nikamwambia boga ni la mwenye mbegu, tangu dunia iumbwe. Akaegemea ukuta, akaniangalia na lile jino lake la dhahabu.

Kasema, "Kitanda hakizai haramu, dada. Lililozaliwa juu ya mitungi yangu ni la nyumba yangu, na nitampa nimtakaye."

Anampa nani? Taeju wake yuko Busan, mke wake ni mtu wa mikate na kahawa, hajui boga upande wa juu wala wa chini. Atamwuzia mchuuzi anayepita na gari, mimi namjua. Atakata kabla baridi ya usiku haijashika. Boga likipigwa na umande wa barafu limekwisha, linakuwa maji matupu. Na mwenyekiti wa kijiji kashatangaza kwenye kipaza sauti chake kwamba wiki ijayo umande utaganda, tuingize viazi na maboga.

Giho kapiga tena. Miguu bado. Kidole hata ukikibonyeza, anasema, kinabaki na shimo. Hyeji akachukua simu, akasema usijali mama, mimi niko salama. Sauti ndogo. Yule binti hajawahi kuniomba kitu katika miaka kumi na moja, hata chumvi. Nikamwambia boga lako linaiva. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Limeshanitoka.

Basi kesho ni tarehe kumi na nane. Siku zenye tatu na nane ni soko la mjini, na Mama Taeju hakosi, anapanda basi la saa mbili, anakwenda kutia nywele mawimbi na kuchomwa sindano za magoti. Harudi mpaka saa nane mchana. Mzee, kesho huendi mahali.


Ijumaa, tarehe 18 Oktoba

Lipo ndani. Limelala chumba cha nyuma, chini ya magodoro mawili na mto wa harusi yetu.

Nilisubiri basi lipite. Nikachukua lile boga langu dogo kama birika, nikalipaka tope jekundu kidogo lipate rangi. Mzee akashika ngazi. Akawa ananitazama kama mtu anayetaka kupiga chafya. Nikamwambia akipiga chafya nitaanguka na damu yangu itakuwa juu yake.

Boga lile zito, jamani. Nililikumbatia kama ninavyomkumbatia mzee siku ya mwaka mpya, nikashuka ngazi kwa makalio, pale palipoumia Jumanne. Kwenye ngata nikamweka mdogo wake. Kwa mbali unaweza kudhani ni lilelile limepungua kwa mawazo.

Lakini mwanamke huyu, Mama Taeju. Nimelifuta vumbi, nikakuta tumboni limeandikwa. Unajua ile ya kukwaruza boga kwa msumari likiwa changa kama ngumi, halafu kovu linakua pamoja nalo? Kaandika. Herufi ndefu, za kahawia, zimevimba kama kamba. Mimi herufi zote ni miguu ya kuku, lakini nani hajui? Kaandika jina lake. Tangu Julai huyu mtu alikuwa ananipangia wizi, boga langu mwenyewe likiwa kwangu kwa mizizi.

Mzee kaja kuangalia. Kalisoma. Kafungua mdomo. Nikamwambia usiseme, najua, ni jina lake, sitaki lisikike ndani ya nyumba hii. Kafunga mdomo. Kakaa chini akawa anajikuna kisogo.

Nimechukua kile kijiko changu kilicholika upande mmoja, cha kukwangulia ukoko, nikaanza kufuta. Nimefuta kutoka mwisho kuja mwanzo, karibu yote. Zimebaki herufi mbili za mwanzo, mkono umechoka. Kesho namaliza.

Saa nane basi limerudi. Nimechungulia ukutani. Mama Taeju na mawimbi yake mapya kasimama mbele ya ulingo. Kasimama muda mrefu sana. Sijamwona amesimama hivyo tangu mumewe alipobebwa na lile gari jeupe.

Nimeingia ndani. Leo sitaki kuendelea.


Jumamosi, tarehe 19 Oktoba

Saa moja asubuhi kipaza sauti. Ah, ah, inasikika? Ndugu wanakijiji, mwenyekiti wenu hapa. Boga limepotea kwa Mama Taeju. Boga kubwa, la njano, lina maandishi. Aliyeliona aje ukumbini. Halafu akasahau kuzima, tukamsikia anamwuliza mkewe soksi ziko wapi.

Wanawake wote ukumbini. Ikabidi niwe wa kwanza, maana anayechelewa ndiye mwizi. Nikasema kwa sauti kuliko wote kwamba ni mchuuzi wa gari la bluu. Wakasema mchuuzi wa gari la bluu kalazwa hospitali wiki ya pili. Nikasema basi ni ndugu yake. Tukapita nyumba kwa nyumba, mimi mbele na fimbo. Tumetafuta kwenye mabanda ya kuku, kwenye pipa la pumba la mwenyekiti. Kwetu nilitangulia mimi mwenyewe, nikafungua milango yote kwa kishindo, nikafika chumba cha nyuma, nikakalia magodoro nikasema jamani magoti, endeleeni tu, nitawakuta.

Mama Taeju hakuja na sisi. Kabaki ukumbini, kashika kikombe cha chai, hanywi.

Nilidhani nitafurahi. Nimekula nusu bakuli. Mzee kamaliza la kwake na nusu yangu.


Jumapili, tarehe 20 Oktoba

Haya ya leo andika polepole, nisije nikayasahau, ingawa napenda kuyasahau.

Mama Taeju kaja. Kaingia mlango wa mbele, hakupitia ukutani, kavua viatu, kakaa sakafuni pale penye joto, moto unapopita chini. Miezi sita hajakanyaga. Nikamwekea viazi vitamu. Kavitazama. Halafu akaanza kulia, mwanamke ambaye hata kaburini kwa mumewe alikuwa anahesabu sahani za wageni.

Kasema, "Dada, nisamehe. Boga lile lilikuwa la mkwe wako."

Nikasema la nani?

"La Hyeji. Julai niliposikia ana mimba nililiona limekaa pale kama ngumi. Nikasema hili sitaligusa, hili la mzazi. Nikamwomba mzee wako aniandikie kwa msumari, maana mimi na kalamu hatujuani kama wewe. Aliandika, Giho mbele, kisha mkwe wa nyumba yao. Nilitaka nikuletee Jumanne akifika, tuyamalize na yale ya jogoo."

Nikamgeukia mzee. Mzee anatazama dari. Dari letu halina kitu.

Mama Taeju akaendelea. Unakumbuka, dada, mwaka nilipomzaa Taeju? Mvua siku tano, mume wangu yuko mgodini, mimi nimevimba mpaka macho hayafunguki. Ukaja umelowa, na boga kichwani. Hukusema kitu. Ulilipika, ukaninywesha, ukaenda zako. Miaka arobaini na nane nangoja boga la kukurudishia.

Ni kweli nilimpelekea. Hakuna aliyelala njaa ya wema kwenye kijiji hiki. Ila lile boga nililichuma kwenye ua wa bibi yake mwenyekiti. Hilo usiandike. Mzee!

Basi Mama Taeju kalia, na mimi nikalia, yeye kwa boga na mimi kwa boga, lakini si kwa sababu moja. Kaondoka na kiazi kimoja mfukoni.

Mlango ulipofungwa nikamvaa mzee. Nikamwuliza, ulijua tangu Julai, umeshika ngazi, umeandika siku zote hizi, kwa nini hukuniambia?

Kasema, "Sharti lako. Mimi naandika, sisemi."

Nikamwuliza, na nilipokuwa nafuta na kijiko?

Kasema, "Nilifungua mdomo mara mbili. Herufi mbili ulizobakiza pale, Gi na Ho, ni jina la mwanao."

Nikamrushia mto wa harusi. Lakini ndani yangu, niseme ukweli, kitu kilikuwa kimelegea. Boga ni la Hyeji. Lilikuwa la Hyeji muda wote. Kilichobaki ni kulirudisha kule lilikotoka, ili liletwe hapa lilipo.


Jumatatu, tarehe 21 Oktoba

Kwanza tulirekebisha maandishi. Mzee kakwaruza upya kwa msumari, mwandiko wake mwenyewe, hapo hakuna wa kumshinda. Lakini makovu mapya yanatoa maji na ni ya kijani. Nikayapaka rojo ya soya iliyochacha yapate ukahawia. Sasa boga linanuka kama mtungi. Si neno, nikasema, linaishi juu ya mitungi.

La pili, njia. Mama Taeju tangu aibiwe kafunga geti kwa kufuli, na ukutani kapanga chupa. Pamebaki nyuma, palipobomoka, lakini ni mpaka uzungukie njia kubwa, upite ukumbini. Mchana kweupe, na boga kubwa kama mfuniko wa chungu.

Nikafikiri. Nikatoa ile mbeleko niliyombebea Giho, niliyoitunza kwa ajili ya mjukuu. Nikamwambia mzee nifunge boga mgongoni, ufunike blanketi la maua. Bibi amebeba mtoto, nani atauliza? Saa sita kasoro wote wako ukumbini wanakula. Nikatoka.

Nikakutana na mwenyekiti.

Kasimamisha baiskeli. "Mama Giho, mjukuu kashafika? Si mlisema kesho?"

Nikasema kawahi.

"Mzito eh?"

Nikasema amechukua kwa babu yake. Akataka kusogea, nikarudi nyuma, nikamwambia siku ishirini na moja hazijatimia, usimwangalie. Akarudi nyuma yeye pia, ni mtu wa mila, hilo namshukuru. Akainama kulisalimia boga. Akapanda baiskeli.

Sijafika mita mia. Ah, ah, inasikika? Ndugu wanakijiji, furaha, mjukuu wa Mama Giho amefika Bamgol, yupo njiani na bibi yake, ana afya, mzito.

Jamani.

Ukumbi ukamwagika. Wanawake na vijiko mikononi, mmoja na bunda la mwani wa supu ya mzazi, mwingine na soksi ndogo. Nikaegemea ukuta. Wanasema tumwone hata kidole. Mimi nasema ishirini na moja, ishirini na moja. Wanasema hata sauti basi. Nasema amelala. Na nyuma yangu nasikia blanketi linateleza, na najua kikonyo kimetokeza pale kichwa kinapokaa.

Mama Taeju ndiye alikuwa karibu. Kaja ubavuni, kanyoosha mkono kumpapasa mtoto mgongo, kama tunavyofanya. Mkono ukasimama. Kapapasa tena. Kagonga, ko, ko, kwa kidole kimoja. Kaniangalia. Kanusa.

Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye soksi. Nikasema moyoni, haya, sasa atasema, na kesho Hyeji ataletwa kwenye nyumba ya mwizi, na maneno yatamfikia kabla ya uji.

Akavua skafu yake mpya ya sokoni, ya zambarau, akafunika kile kikonyo. Taratibu, akaipenyeza kingo zote kama vile kuna upepo. Halafu akawageukia wenzake na sauti yake ya kufukuza ndege shambani. "Nyinyi hamna mila? Mtoto hana siku ishirini na moja, mnampumulia vitunguu! Rudini mkale."

Wakarudi.

Akanishika mkono, tukaenda kwake. Kafungua kufuli. Tumefika mbele ya ulingo, kanifungua mbeleko. Kaliweka boga kwenye ngata yake. Kayaangalia maandishi, kaweka kidole, karamba kidole.

Kasema, "Soya yako ina chumvi nyingi."

Nikasema mdogo wangu, nisikilize. Nikaanza kumweleza. Nilianzia kwa paa waliokula maboga mawili. Nilipofika kwenye kamba nyekundu akainua mkono. Kasema kamba aliiona siku hiyohiyo, alidhani ni mzee wangu anajaribu kuokoa mmea, akasema moyoni maskini yule baba, na zabibu zake.

Akakaa juu ya ukingo wa ulingo. Nikaona mabega yanatikisika. Nikasema nimemliza tena. Kumbe anacheka. Kacheka mpaka jino la dhahabu nikaliona lote, na la nyuma yake ambalo halipo.

"Dada, nina miaka sabini na nne. Wezi nimewaona. Sijawahi kuona mtu anayejiibia."

Nikacheka mimi. Nilidhani nimesahau namna. Jogoo akaja kuangalia kuna nini, na hata yeye nikamwona ana sura nzuri.

Tukalibeba pamoja, yeye huku mimi huku, kupitia geti la mbele, mchana kweupe.


Jumatano, tarehe 23 Oktoba

Umande umeganda leo. Majani yote ya bustani meusi. Boga liko ndani. Ningesema zaidi lakini nimechoka vizuri.

Hyeji alifika jana. Kashuka garini na makubazi ya Giho, ananiinamia na miguu ile, nikamwambia ukiinama tena nakurudisha mjini. Wanawake wa ukumbini wakaona gari, wakaona mtoto anashushwa, wakauliza, kwani yule wa jana yake? Mama Taeju akawajibu alirudi mara moja kufuata nepi. Wamekubali. Mwenyekiti bado anafikiri.

Mtoto ana pua yangu. Mzee anasema ni ya kwake. Hajaulizwa.

Kukata boga tumekata wawili. Kisu kilikwama katikati, Mama Taeju akakipiga kwa mchi wa kutwangia kitunguu saumu, mfuniko ukatoka na sauti kama mlango wa zamani. Ndani rangi ya jua la saa kumi na moja. Mbegu nene, tumezikomba kwa kile kijiko kilicholika, tumezianika kwenye ungo sakafuni. Asali bakuli mbili. Chungu cha chuma cha nje, kuni za mkaratusi hatuna, tumetumia za msonobari, zinatoa moto mzuri. Saa tatu nzima. Tumekamua kwa kitambaa, maji mazito ya dhahabu. Nyama ya boga iliyobaki tukapika uji, na maharage mekundu madogo, na vidonge vya unga wa mchele wa kunata, navyo Mama Taeju anavifinyanga vikubwa mno lakini sikusema kitu.

Hyeji kanywa bakuli la kwanza. La pili pia. Halafu akageuza uso ukutani. Nikadhani moto sana. Kasema, mama yangu angefanya hivi.

Sikuwa na la kusema. Mimi. Mzee andika hilo, halitokei mara mbili.


Ijumaa, tarehe 25 Oktoba

Usiku kucha Hyeji yuko chooni. Nzuri sana. Maji yanatoka yalipotakiwa kutoka. Asubuhi kaketi mlangoni, kanyoosha mguu, kifundo kinaonekana. Kavaa kiatu chake mwenyewe, cha kwake, na kamba kaifunga. Giho kapiga picha ya kiatu.

Nimeshukuru. Nimekaa uani, jua la vuli mgongoni, ganda la boga liko palepale na maandishi, sitaki kulitupa. Nimefikiri mambo mengi. Kwamba mtu angeuliza tu. Kwamba mzee angesikilizwa mara moja moja. Kwamba jirani ni jirani. Nimeyafikiri yote hayo kwa utulivu mpaka jua likahama.


Jumapili, tarehe 27 Oktoba

Mzee, andika.

Nimegundua jambo. Mkunazi wa Mama Taeju, ule wa pembeni, umeiva, na tawi moja limevuka ukuta. Mzizi kwake, sawa, sikatai. Lakini tawi limelala kwangu, juu ya jamvi langu la pilipili, na kunazi zake nyekundu kuliko zote za mti. Kitanda hakizai haramu. Ni maneno yake mwenyewe, kayasema Alhamisi ya wiki ile, yameandikwa humu.

Sasa tazama ujanja wa huyu mwanamke. Kalifunga tawi lile utepe mwekundu, na juu ya utepe katundika kibao kidogo kimeandikwa. Kaandika jina lake, mimi namjua. Ananikinga.

Mzee kakohoa. Kakohoa tena. Nimemwambia andika, usikohoe.

Kunazi zile nikizianika zitafaa kwa keki ya sherehe ya mtoto kutimiza siku mia, nani ana haki nazo kuliko bibi? Na kumwomba siwezi, asije akadhani nina shida.

Kamba ile nyekundu ipo bado. Nitalifunga tawi kwenye nguzo ya kwetu, nilivute pole pole. Shubiri moja tu kwa siku.